Masenta 10 Wakali wa Kuchukua Kwa Ligi ya NBA ya Kompyuta, na Venye Bill Russell Aliniangusha

Wacha nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza mbogi yetu ya mtaa ilipoanzisha ligi ya NBA ya kompyuta, kura iliniangukia mimi: nichague wa kwanza. Wasee nane, kila mtu na timu yake, wachezaji wote wa historia wako mezani. Sikufikiria mara mbili. Nikachukua Bill Russell. Ringi 11, buda. Nani anabishana na ringi 11?

Kompyuta ilibishana. Msimu ulipoisha nilikuwa wa saba kati ya nane, na adhabu ya wawili wa mwisho ilikuwa kununulia kila mtu chapo madondo. Aliyebeba kombe ni jamaa aliyekuwa wa sita kuchagua. Alichukua Nikola Jokić na sisi wengine tukamcheka.

Tangu hiyo siku nimecheza ligi nyingi za aina hii, usiku kucha nikingoja mechi za ukweli zianze saa tisa usiku. Kitu moja kimeniingia: kwa ligi ya kompyuta hauchagui senta bora wa historia. Unachagua senta ambaye namba zake zinaeleweka na mashine. Hao ni watu wawili tofauti kabisa. Kama mko karibu kuanza ligi yenu, soma hii kwanza ndio usinunue chapo za watu.

LIGI YA KOMPYUTA INAFANYA AJE?

Rada ni hii. Kila mtu anachagua wachezaji kwa zamu, anapanga kikosi, halafu kompyuta inacheza msimu mzima yenyewe. Hushiki pedi. Kazi yako ni kujenga timu, kisha unakaa ukiangalia matokeo yakiingia. Wenye PlayStation ama Xbox hutumia MyNBA iliyo ndani ya NBA 2K, na kuanzia 2K23 unaweza kuanza ligi yako kwa enzi za zamani. Wenye simu na bundles kidogo huenda Basketball GM. Hiyo ni ya bure, inafunguka kwa brauza tu, na ina wachezaji halisi wa kuanzia 1947.

Ndani ya hizi gemu kuna bahati nasibu yenye mizani. Timu ikipata mpira, kompyuta inajiuliza maswali: Nani ataushika? Ataupoteza? Atatupa kutoka wapi? Utaingia? Ukikosa, nani ataokota ribaundi? Kila jibu linatoka kwa namba za mchezaji. Mwenye namba kubwa anashinda swali mara nyingi zaidi, lakini si kila mara. Rudia hayo maswali zaidi ya mara mia kwa mechi, mechi 82, na ule tofauti mdogo unakuwa mlima.

Kwa hivyo kabla ya kutaja majina, shika mambo matatu.

Kwanza, chagua msimu, si jina. Shaquille O'Neal wa 2000 na Shaquille O'Neal wa 2010 ni watu wawili. Ligi nyingi zinakuruhusu kuchukua mchezaji akiwa kwa msimu wake mzuri zaidi. Jua ni upi.

Pili, angalia kama gemu yenu inasawazisha enzi. Msimu wa 1961-62 timu moja ilikuwa inatupa kwa ringi zaidi ya mara 100 kwa mechi. Siku hizi ni chini ya 90. Mitupo ikiwa mingi na mingi ikikosa, pointi na ribaundi zinajaa kila mahali. Gemu isiyosawazisha itakuonyesha wazee wa miaka ya sitini wakiwa miungu.

Tatu, kompyuta inajua tu kile kiliandikwa. NBA ilianza kuhesabu bloku na mipira iliyoibwa msimu wa 1973-74. Mstari wa pointi tatu ulikuja 1979-80. Mtu aliyebloki kabla ya hapo, kwa karatasi hakubloki kitu. Gemu inabidi ikisie.

Orodha yangu inachukulia hivi: ligi inasawazisha enzi, kila mchezaji yuko kwa msimu wake mmoja niliotaja, mechi ni 82 na hakuna bajeti ya mishahara. Twende kutoka chini.

10. DIKEMBE MUTOMBO, 1995-96

Pointi 11.0, ribaundi 11.8, bloku 4.5 kwa mechi. Huyu ni jirani, mzaliwa wa Kinshasa, yule wa kutikisa kidole baada ya kukufutia mtupo. Alishinda tuzo ya beki bora wa NBA mara nne, na kwa orodha ya bloku za historia ni wa pili na 3,289.

Kwa ligi ya kompyuta yeye ni ukuta. Timu pinzani ikiingia ndani, asilimia yao inashuka. Shida ni upande ule mwingine. Pointi 11 maanake wenzake wanne lazima wabebe mashambulizi, na ukimchukua mapema utakosa hao wenzake. Mchukue kama tayari una wafungaji wawili wa nguvu. Mutombo alifariki Septemba 2024. Hospitali aliyojenga Kinshasa kwa jina la mamake, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa 2007 na bado inatibu watu. Hiyo bloku haimo kwa gemu yoyote.

9. BILL RUSSELL, MSIMU WOWOTE WA MIAKA YA SITINI MAPEMA

Ndio, namba tisa. Usinirushie mawe.

Russell alicheza misimu 13 na kushinda ubingwa mara 11, kati ya 1957 na 1969, miwili ya mwisho akiwa mchezaji na kochi kwa wakati mmoja. MVP mara tano. Lakini angalia karatasi yake: wastani wa pointi 15.1, ribaundi 22.5, mitupo iliyoingia 44.0%, mitupo huru 56.1%. Hakuna msimu hata mmoja alifikisha wastani wa pointi 20. Na bloku zake, ile silaha iliyomfanya awe Russell, hakuna aliyekuwa anaziandika rasmi.

Kompyuta ikisoma hiyo karatasi inaona mwokotaji wa ribaundi anayekosa mitupo huru. Gemu zilizotengenezwa vizuri zinamwongezea namba za ulinzi, lakini bado wanakisia. Mimi nililipa hilo somo kwa chapati.

8. MOSES MALONE, 1981-82

Pointi 31.1, ribaundi 14.7. Namba ya kuangalia ni hii: kati ya hizo ribaundi, 6.9 zilikuwa za upande wa kushambulia. Timu yake ikikosa, Moses anaokota, mnaanza upya. Kwa ligi ya kompyuta hiyo ni kama kupewa zamu za bure karibu saba kila mechi, na zamu za bure ndio pesa ya gemu hizi. Mitupo huru anaweka 76.2%, kwa hivyo kumchezea faulo haisaidii mtu.

Kwa nini hayuko juu zaidi? Asisti 1.8. Mpira ukifika kwake, kwaheri. Ukimweka na wafungaji wengine wanaotaka mpira, wastani wa kila mtu unashuka na timu inakaa kama matatu yenye madereva watatu.

7. JOEL EMBIID, 2022-23

Pointi 33.1, ribaundi 10.2, asisti 4.2, mitupo huru 85.7%. Mtoto wa Yaoundé aliyeshika mpira wa vikapu akiwa tayari kijana mkubwa, na akaishia MVP. Januari 2024 alifunga pointi 70 kwa mechi moja dhidi ya San Antonio Spurs.

Zamu kwa zamu, Embiid anaweza kuwa mfungaji mkali kuliko wote hapa. Anatupa kutoka mbali, anatupa kutoka karibu, na akifanyiwa faulo karibu zote zinaingia. Ngori ni mwili. Hata huo msimu wa MVP alicheza mechi 66 kati ya 82. Kama ligi yenu imewasha majeraha, tayarisha senta wa pili wa maana, ama mechi 16 zitakula msimu wako. Kama mmezima majeraha, mpandishe hadi namba nne bila kuogopa.

6. SHAQUILLE O'NEAL, 1999-2000

Pointi 29.7, ribaundi 13.6, bloku 3.0, mitupo iliyoingia 57.4%. Alikosa kuwa MVP wa kura zote kwa kura moja pekee. Kwa maisha halisi, huo msimu hakuna mtu aliyekuwa na jibu.

Lakini hapa tunapiga hesabu. Mitupo huru ya Shaq ilikuwa 52.4%. Akienda kwa mstari kutupa miwili, timu yake inapata wastani wa pointi 1.05. Embiid akienda, inapata 1.71. Kwa safari kumi hiyo ni 10.5 dhidi ya 17.1, karibu pointi saba zimepotea bila mtu kukukaba. Na akiachwa atupe kawaida, ile 57.4% inampa karibu 1.15 kwa kila mtupo. Ndio maana makocha waliona heri kumchezea faulo makusudi. Hawakuwa wazimu.

Bado ni mnyama. Chukua Shaq kama wengine wote wanne wanaweza kutupa kutoka mbali. Ukimzungusha na watu wasiojua kutupa, unamfungia ndani ya chumba kidogo na watu watano.

5. DAVID ROBINSON, 1993-94

Hapa ndipo wajanja hupata mali kwa bei ya chini. Pointi 29.8, ribaundi 10.7, asisti 4.8, bloku 3.3, mipira iliyoibwa 1.7. Soma tena. Hakuna shimo. Februari 1994 alipiga zile namba nne za ajabu dhidi ya Detroit Pistons: pointi 34, ribaundi 10, asisti 10, bloku 10. Siku ya mwisho ya msimu akafunga pointi 71 na kumpokonya Shaq taji la mfungaji bora.

Wasee wengi humsahau kwa sababu siku hizi Spurs ya zamani ikitajwa watu hukumbuka Tim Duncan. Na kuna wale wanaomkumbuka Robinson akizungushwa na Hakeem kwa fainali ya ukanda mwaka wa 1995. Kompyuta haina hiyo kumbukumbu. Inaona namba tano kubwa kwa mtu mmoja. Kama wewe ni wa mwisho kuchagua kwa raundi ya kwanza, huyu ndiye wako.

4. WILT CHAMBERLAIN, 1966-67

Kila mtu atakimbilia ule msimu wa 1961-62: pointi 50.4, ribaundi 25.7, dakika 48.5 kwa mechi. Dakika 48.5 na mechi ina 48! Ni kwa sababu ya muda wa ziada, jamaa alikuwa hapumziki. Ndio msimu alipofunga pointi 100 dhidi ya Knicks, Machi 2, 1962.

Kama gemu yenu haisawazishi enzi, chukua huyo Wilt na ufunge stori, ligi imeisha. Lakini ikisawazisha, mtafute yule wa 1966-67: pointi 24.1, ribaundi 24.2, asisti 7.8, mitupo iliyoingia 68.3%. Alipunguza kutupa, akaanza kugawa, na timu yake ya Philadelphia ikamaliza 68-13 na ubingwa juu. Huyo Wilt anafanya wenzake wawe bora, na kompyuta inapenda asilimia kama hiyo vibaya sana.

Kinachomshikilia hapa ni mitupo huru: 44.1%. Shaq anamcheka.

3. HAKEEM OLAJUWON, 1993-94

Pointi 27.3, ribaundi 11.9, asisti 3.6, bloku 3.7, mipira iliyoibwa 1.6. Mzaliwa wa Lagos, na ndiye mtu pekee kushinda MVP, beki bora na MVP wa fainali kwa msimu mmoja. Bloku zake 3,830 bado ndizo nyingi zaidi tangu NBA ianze kuhesabu.

Mbona juu ya Robinson na namba zinafanana? Kwa sababu ya mizani ya pande mbili. Kwa gemu nyingi, ulinzi wa ndani wa senta unashusha asilimia ya timu nzima pinzani, si ya mtu anayemkaba peke yake, na hapo Hakeem ndiye kilele. Mbele, anaweza kutengeneza pointi bila kusaidiwa. Ukiwa na Hakeem unaweza kujaza nafasi zingine na watu wa kawaida na bado ushinde. Rockets walifanya hivyo kwa ukweli mwaka huo, hakukuwa na staa mwingine wa kiwango chake kwa kikosi.

2. KAREEM ABDUL-JABBAR, 1975-76

Hapa utanishangaa. Mbona si 1971-72, pointi 34.8 na ribaundi 16.6? Rudi kwa lile jambo la tatu. Msimu huo wa 1972 bloku hazikuwa zinaandikwa. Chukua 1975-76, wa kwanza wake na Lakers: pointi 27.7, ribaundi 16.9, asisti 5.0, bloku 4.1. Pointi zimeshuka kidogo, lakini sasa ulinzi wake uko kwa karatasi, na kompyuta haihitaji kukisia.

Alicheza mechi zote 82. Mitupo huru 70.3%, si mbaya. Na ile skyhook yake hakuna mtu aliyewahi kuifikia. Sita kwa sita: MVP sita, ubingwa mara sita. Kitu cha kuchekesha ni kwamba huo msimu Lakers hawakufika hata mchujo, walimaliza 40-42. Alikuwa MVP wa timu iliyoshindwa zaidi ya ilivyoshinda. Kwa ligi yako hiyo si shida, kwa sababu wenzake utawachagua wewe.

1. NIKOLA JOKIĆ, 2024-25

Pointi 29.6, ribaundi 12.7, asisti 10.2. Senta wa kwanza kuwahi kumaliza msimu na wastani wa tarakimu mbili kwa vitu vitatu. Mitupo ya pointi tatu 41.7%. Mitupo huru 80%. Machi 2025 dhidi ya Phoenix Suns alipiga pointi 31, ribaundi 21 na asisti 22 kwa mechi moja, kitu ambacho hakuna mtu yeyote aliwahi kufanya. Na huyu ni mtu aliyechaguliwa wa 41 kwenye drafti ya 2014.

Sasa unganisha na yale maswali ya kompyuta. Nani ashike mpira? Jokić, na akiushika mwenzake anapata mtupo rahisi. Atupe kutoka wapi? Popote, zote zinaingia. Akifanyiwa faulo? Zinaingia. Ribaundi? Anaokota. Karibu kila swali la upande wa kushambulia lina jibu zuri. Isitoshe, ukiwa na senta anayegawa mpira hivi huhitaji kupoteza chaguo la mapema kwa gadi mchezeshaji. Unachukua watupaji wa bei rahisi na yeye anawalisha.

Udhaifu upo. Bloku zake hazifiki hata moja kwa mechi, kwa hivyo mlango wa nyuma uko wazi. Dawa ni kumtafutia fowadi mrefu wa kubloki kwa raundi ya pili ama ya tatu. Jamaa aliyenishinda alifanya hivyo hasa. Sisi tulikuwa tunacheka, yeye alikuwa anahesabu.

WALIOKOSA NAFASI KIDOGO

Victor Wembanyama ataingia hapa karibuni. Msimu wa 2024-25 alikuwa na pointi 24.3, ribaundi 11.0 na bloku 3.8, lakini alicheza mechi 46 tu kabla ya damu kuganda kwenye bega. Bill Walton alishinda MVP ya 1978 akiwa amecheza mechi 58, kwa hivyo kama majeraha yamewashwa, jihadhari. Yao Ming, mita 2.29 na mitupo huru ya 83.3%, ni mzuri kuliko watu wanavyokumbuka.

Na kama ligi yenu ina bajeti ya mishahara, kuna jina moja la kuficha mfukoni: Manute Bol, mzaliwa wa ile iliyo Sudan Kusini leo. Msimu wake wa kwanza, 1985-86, alibloki mara 5.0 kwa mechi akicheza kama dakika 26 pekee. Pointi? 3.7. Kwa hiyo bei yake ni ya chini. Mlete kutoka benchi wakati senta wako anapumzika, na timu pinzani isahau mambo ya kuingia ndani.

KABLA HAMJAANZA KUCHAGUA

Uliza maswali matatu kwa sauti, na jibu liandikwe mahali kila mtu anaona: Enzi zinasawazishwa? Majeraha yamewashwa? Kila mtu anachukua msimu mmoja ama maisha yote ya mchezaji? Nimeona urafiki ukipata ufa kwa sababu mtu alichukua Wilt wa pointi 50 na wengine walidhani imesawazishwa.

Usichukue masenta wawili wakubwa wanaotaka mpira. Jokić na Shaq kwa timu moja inakaa tamu kwa karatasi, lakini mpira ni mmoja.

Na kama mna muda, chezesheni msimu huo huo mara tatu ama tano, halafu mhesabu jumla ya ushindi. Msimu mmoja una bahati ndani yake. Mtu anaweza kuwa na kikosi bora na aanguke kwa mechi saba za fainali. Kura ya chapo isitegemee msimu mmoja.

NA RUSSELL?

Ligi yetu ya mwisho nilimchukua tena. Hii mara si wa kwanza, nilingoja hadi raundi ya tatu. Tayari nilikuwa na wafungaji wawili, nikamwambia Russell, kimoyomoyo, wewe okota na uzuie tu. Tukamaliza wa pili. Sikununua chapati.

Lakini usiku ule wa aibu haujanitoka, ju nimeelewa kosa halikuwa la Russell wala la kompyuta. Kosa lilikuwa kudhani karatasi ni mtu mzima. Miaka 13 Celtics walikuwa wanashinda na yeye akiwa katikati, na sehemu kubwa ya alichokuwa anafanya hakuna mtu alikaa kando na kalamu kuandika. Alipofariki 2022, NBA nzima ilistaafisha jezi namba 6. Hakuna mchezaji mwingine amewahi kupewa hiyo heshima na ligi yote. Walioishi naye walijua kitu ambacho namba hazina.

Cheki hata kota ya mtaa wako Jumapili. Kuna yule anafunga 20 na kila mtu anamjua. Halafu kuna yule mrefu mkimya anayezuia, anayeokota, anayekupigia kelele urudi nyuma ukabe. Siku asipokuja mnapoteza na hamjui kwa nini. Kwa ligi ya kompyuta, mchukue raundi ya tatu. Kwa kota, mchukue wa kwanza.